Nia ya Dola Kumi

Methali ya "penye nia pana njia" ni miongoni mwa methali za mwanzo anazofundishwa mtoto wa mwambao, aghalabu kabla hajajua uzito wa nia wala urefu wa njia. Mwalimu huiandika ubaoni, mzazi humliwaza nayo mwana aliyeanguka mtihani, na mwenye kutoa mawaidha huifanya kifungio cha maneno yake. Ina uzuri wake methali hiyo, kwani humpa mnyonge mamlaka: humwambia kwamba kile kinachotakiwa mwanzo kimo ndani ya kifua chake mwenyewe. Lakini ina ukali wake pia, nao hautajwi sana. Ikiwa penye nia pana njia, basi aliyekosa njia huwa ameambiwa, pasi na kuambiwa, kwamba hakuwa na nia.

Katika majira ya joto ya mwaka 2012, katikati ya Marekani, mahali pasipo bahari wala harufu yake, methali hiyo iligeuzwa kuwa kanuni ya ujenzi. Walioigeuza hawakuwa Waswahili, wala hawakukusudia kufasiri hekima ya mtu. Walikuwa wahandisi na wafanyabiashara wa kampuni ya Google, na suala lililokuwa mbele yao lilikuwa jepesi kulitamka: mkongo wa nyuzi za kioo unaobeba intaneti ya kasi uanze kupita mtaa gani, ufuate mtaa gani, na mtaa gani usipite kabisa? Jawabu lao lilikuwa kwamba mkongo utapita penye nia.

Kansas City ni jina moja la miji miwili inayotazamana. Mmoja umo katika jimbo la Missouri, na kwa hesabu ya watu ya mwaka 2010 ulikuwa na wakazi wapatao 460,000. Mwingine umo katika jimbo la Kansas, nao ulikuwa na wakazi wapatao 146,000. Miji hiyo iliipata bahati iliyogombewa na wengi. Mwezi Februari 2010 Google ilitangaza kwamba itajenga mtandao wa majaribio wenye kasi ya gigabiti moja kwa sekunde, kasi iliyokuwa mbali sana na ile iliyozoeleka majumbani wakati ule, na ikaialika miji ijitokeze. Maombi zaidi ya 1,100 yalipelekwa. Topeka, mji mkuu wa jimbo la Kansas, ulijiita kwa mwezi mzima wa Machi jina la kampuni hiyo. Meya wa Duluth, huko Minnesota, alijitosa katika maji ya barafu ya Ziwa Superior ili mji wake utazamwe. Tarehe 30 Machi 2011 ikatangazwa kwamba Kansas City ya Kansas ndiyo iliyochaguliwa, na mwezi Mei mwaka huo ile ya Missouri ikaongezwa. Hivyo nia ilikuwa imekwisha kupimwa baina ya miji kabla ya kupimwa baina ya mitaa.

Kanuni za mitaa zilitolewa tarehe 26 Julai 2012. Miji miwili ile iligawanywa katika mitaa 202. Kila mtaa uliwekewa kiwango chake: baina ya asilimia 5 na 25 ya kaya zake, kwa kutegemea nyumba zilivyosongamana, zijiandikishe na kila moja ilipe dola 10. Mtaa uliofikia kiwango ungejengewa. Mtaa wenye asilimia kubwa zaidi ungetangulia kuchimbiwa. Mtaa ulioshindwa ungebaki kando. Muda uliotolewa ulikuwa wa wiki sita na siku chache, mwisho wake tarehe 9 Septemba. Juu ya hayo palikuwa na ahadi: shule, maktaba na majengo ya umma yaliyomo katika mtaa uliofaulu yangeungwa bila ya malipo. Ahadi ilikuwa njema, lakini ilikuwa na upande wa pili. Maktaba iliyomo katika mtaa ulioshindwa ingekosa kwa sababu ya majirani zake. Mtoto aliyekuwa akisoma katika shule ya mtaa hakuwa na kura yoyote katika jambo hilo. Kura ilikuwa ya mwenye kadi ya benki aliyekaa nyumba ya pili.

Haitakuwa haki kuiona kanuni hiyo kuwa ni hila tupu. Ajengaye mkongo haumizwi sana na bei ya mkongo wenyewe. Gharama yake kubwa imo katika jasho: kuchimba mitaro, kukodi nafasi juu ya nguzo, kutafuta vibali, kuwahamisha mafundi na mitambo kutoka barabara hadi barabara. Kupitisha waya mbele ya nyumba 50 hugharimu karibu sawasawa, wawe watakaonunua ni watano au arubaini. Mjenzi asiyejua ni wangapi watanunua huingia gizani, na kujiandikisha kwa wakazi kulimpa taa. Fauka ya hayo, wakazi wa miji mingi walikuwa wamezoea kuona kampuni za simu na za televisheni zikiamua mambo ndani ya ofisi zao, kwa ramani ambazo mkazi hakuzitia machoni. Hapa mkazi aliulizwa, na hesabu ikawekwa hadharani, kila mtu aione ikipanda siku hadi siku. Kuulizwa ni heshima. Kasoro ilikuwa katika namna swali lilivyotumwa.

Swali lilitumwa kwa intaneti. Aliyetaka kujiandikisha alihitaji chombo kilichokwisha kuungwa mtandaoni, akaunti ya Google, na kadi ya benki ya kulipia zile dola 10. Yaani ili mtu athibitishe kwamba anaitaka intaneti, ilimpasa awe nayo tayari, au awe karibu na mwenye nayo. Nia ilipimwa kwa kipimo kilichowekwa mwisho wa njia, na aliyesimama mwanzo wa njia hakukifikia. Mpangaji wa fleti alikuwa na kizuizi kingine: hata angetaka vipi, ruhusa ya kuliunga jengo ilikuwa mkononi mwa mwenye jengo.

Kampuni iliyaita maeneo yale 202 kwa neno jipya la Kiingereza, lililounganisha neno la uzi na neno la ujirani. Mfasiri akilikabili neno hilo hupata taabu, kwani Kiswahili kina "mtaa" na kina "ujirani", na viwili hivyo havilingani. Mtaa huchorwa ofisini. Ujirani hujengwa na watu wenyewe kwa kuombana chumvi, kuzikana na kuamuliana ugomvi. Ofisi iliyochora mitaa 202 ilidhani imehesabu majirani. Lakini katika mji ule mistari mingine ilikwisha kuchorwa zamani, kwa mkono mwingine, na mstari mmoja uliizidi nguvu mistari yote mipya.

Ipo katika Kansas City ya Missouri barabara iitwayo Troost Avenue, inayokwenda kaskazini na kusini, iliyopewa jina la daktari wa karne ya 19. Kwa msomaji wa Unguja barabara ya namna hiyo haihitaji maelezo marefu. Mjini Zanzibar mkono wa bahari uliutenga Mji Mkongwe na upande wa pili, na upande huo ukaitwa Ng'ambo. Maji yalipofukiwa na pakapita barabara, jina lilibaki. Troost haikuwa na maji, lakini ilikuwa na ng'ambo yake. Magharibi walikaa weupe kwa wingi, na mashariki weusi.

Mpango huo haukuja kwa bahati. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, mjenzi J. C. Nichols aliuza nyumba na viwanja vya upande wa magharibi kwa hati zilizokataza weusi kuvimiliki au kuvikalia. Katika miaka ya 1930 shirika la serikali la mikopo ya nyumba lilichora ramani za miji ya Marekani kwa rangi: kijani kwa mitaa iliyohesabiwa bora, nyekundu kwa mitaa iliyohesabiwa hatari, na baina yao buluu na manjano. Baada ya hukumu ya Mahakama Kuu ya mwaka 1954 iliyoharamisha kuwatenga wanafunzi kwa rangi zao, mipaka ya shule za mji iliendelea kuifuata Troost. Sheria ya mwaka 1968 ilipiga marufuku ubaguzi katika uuzaji na upangishaji wa nyumba, lakini sheria hufuta maandishi upesi kuliko inavyofuta mazoea.

Ramani ya Google ya mwaka 2012 nayo ilikuwa na rangi. Mtaa uliofikia kiwango ulitiwa kijani, na ambao haujafikia ulitiwa manjano. Wiki zilipokwenda, hadi mwanzoni mwa Septemba, waandishi wa habari na wakazi wa mji waliitazama ramani ile wakaiona picha waliyoijua tangu utotoni: magharibi ya Troost kijani, mashariki yake manjano. Hapana aliyekaa ofisini akaamua kuwabagua watu wa mashariki. Hapakuwa na haja. Kipimo kisicho na macho kilifuata mtaro wa zamani, kama maji ya mvua yafuatavyo mahali palipokwisha kuchimbika.

Katika adabu za mwambao mgeni hupiga hodi mara tatu, na asipojibiwa huondoka. Lakini huondoka bila ya kuhukumu. Hasemi kwamba wenye nyumba ile hawapendi wageni. Pengine mwenyeji anasali, pengine anauguza, pengine sauti haikufika uani. Kimya kina maana nyingi kuliko neno, na wapenzi wa mashairi wanalijua hilo kuliko watu wengine, maana wamezoea kusoma hata pale mshairi aliponyamaza. Kimya cha mitaa ya manjano kilikuwa na maana nyingi. Alikuwamo ambaye habari haikumfikia. Alikuwamo asiye na kadi ya benki, ambaye fedha zake zote hupita mkononi. Alikuwamo mpangaji ambaye hakujua kama mwaka ujao atakuwa bado anakaa pale. Alikuwamo mzee ambaye hakuna aliyemwonesha intaneti ingemfaa nini. Alikuwamo aliyesikia ahadi nyingi katika umri wake, akajifunza kungoja aone kwa macho. Na alikuwamo, bila ya shaka, ambaye hakutaka kweli, naye ni haki yake. Hesabu iliwaweka wote katika fungu moja, na fungu hilo likaitwa watu wasio na nia.

Waliokijua kimya hicho hawakuingoja tarehe 9 Septemba wakiwa wamekaa. Walimu na wakutubi walitoka katika vituo vyao vya kazi wakaenda mlango kwa mlango, wakibisha, wakieleza, wakijibu maswali, wakiwaandikisha watu papo hapo. Wafadhili walichanga fedha ili kuwalipia wengine dola 10. Kampuni yenyewe, ilipoona ramani inakwenda upande, ilituma vijana mitaani, pamoja na gari la kugawa aiskrimu ili watu wakusanyike. Swali lililokuwa limetumwa kwa waya sasa lilikwenda kwa miguu. Na lilipokwenda kwa miguu lilijibiwa. Mitaa iliyokuwa manjano ikaanza kugeuka, mmoja baada ya mmoja, mingine katika siku za mwisho kabisa. Muda ulipokwisha, mitaa 180 kati ya 202 ilikuwa imefikia kiwango, na baadhi ya mitaa hiyo ilikuwa ng'ambo ya Troost au katika pembe nyingine za watu wa kipato cha chini.

Hapo pana somo ambalo ni rahisi kulipita. Katika wiki zile chache kipato cha mashariki ya Troost hakikuongezeka, wala kadi za benki hazikuota katika mifuko ya watu. Kilichobadilika ni kwamba aliyeuliza alisogea mpaka kizingitini. Kama nia ya mtaa inaweza kuonekana haipo mwezi Agosti na ikaonekana ipo mwezi Septemba, basi kilichokuwa kikipimwa tangu mwanzo ni masafa baina ya mwenye kuuliza na mwenye kuulizwa.

Hata hivyo foleni ilibaki foleni. Mtaa wa kwanza kuungwa, mwezi Novemba 2012, ulikuwa Hanover Heights wa upande wa Kansas, uliokuwa umeongoza katika kujiandikisha. Mitaa iliyokokotwa mpaka mstari wa mwisho ilingoja zamu yake nyuma. Na mkongo ulipofika huko, jambo la pili lilijitokeza: kupita mbele ya mlango si kuingia ndani. Huduma ya gigabiti iliuzwa kwa dola 70 kwa mwezi. Palikuwa na huduma ya polepole, ya megabiti 5, isiyokuwa na ada ya mwezi, lakini mwenye nyumba alitakiwa alipe dola 300 za kuungwa, kwa mkupuo au kwa mafungu. Mwaka 2014 gazeti la Wall Street Journal lilichapisha matokeo ya uchunguzi wa mlango kwa mlango: katika mitaa sita ya kipato cha chini, waliojiunga na huduma hizo mbili walikuwa asilimia 15, katika mitaa ya jirani ya kipato cha kati na cha juu walikuwa asilimia 53. Mwaka 2016 kampuni ilianza kuziunga bure kwa gigabiti nyumba za watu wa kipato kidogo, ikaanzia na nyumba 100 za West Bluff, katika Kansas City ya Missouri. Katika nyumba hizo hapana aliyetakiwa athibitishe nia yake kwa dola 10.

Mfano wa kulinganisha upo katika nchi hiyohiyo. Chattanooga ni mji wa jimbo la Tennessee ambao umeme wake huuzwa na EPB, shirika la mji wenyewe. Shirika hilo lilipotaka kuweka mitambo ya kuusimamia umeme wake kwa mbali, liliamua mkongo upite kwa wateja wake wote, katika eneo la maili za mraba zipatazo 600, mjini na mashambani. Serikali kuu ilisaidia kwa zaidi ya dola milioni 111. Mwezi Septemba 2010 shirika likatangaza kwamba kila mwenye umeme wake anaweza kupata gigabiti. Hapakuwa na mashindano ya mitaa wala ramani ya rangi mbili. Aliyekuwa na mita ya umeme ukutani alikuwa amekwisha kuhesabiwa. Bei ya mwanzo ilikuwa kubwa, dola 350 kwa mwezi, na wachache mno waliimudu. Mwaka 2013 ilishushwa hadi dola 70. Kisha mwaka 2020, maradhi ya korona yalipozifunga shule, mji uliweza kuahidi intaneti ya bure kwa wanafunzi wapatao 28,000 wa familia zenye kipato kidogo, kwa kuwa waya ulikuwa umekwisha kupita karibu na milango yao. Huko njia ilitangulia, na nia ikapewa muda wa kukua.

Mwezi Novemba 2021 Marekani ilipitisha sheria ya miundombinu iliyoitaka tume ya mawasiliano ya nchi hiyo iweke kanuni za kuzuia ubaguzi katika ufikishaji wa intaneti, na kanuni zikapitishwa Novemba 2023. Mabishano makubwa yalikuwa juu ya neno ambalo kwa Kiswahili lingekuwa lilelile: nia. Je, kampuni ihesabiwe imebagua pale tu ilipokusudia, au hata pale ambapo haikukusudia, lakini ramani ikaonesha mashariki manjano na magharibi kijani? Tume ilichagua kuyatazama yote mawili, makusudio na matokeo. Uchaguzi huo una mizani yake. Kama mkazi alihukumiwa kwa kilichoonekana, si kwa kilichokuwamo moyoni mwake, si ajabu mjenzi naye apimwe kwa kipimo hicho.

Yote haya yangekuwa habari za mbali lau mikongo isingefika katika Bahari ya Hindi. Mwaka 2009 mkongo wa TEAMS ulitua Mombasa, na mkongo wa SEACOM ukatua Mombasa na Dar es Salaam. Mwaka uliofuata ukaja wa EASSy. Kutua kwa mkongo pwani hupigiwa ngoma, hukatiwa utepe na hupigwa picha, kwani ni tendo la siku moja na mahali pamoja. Kutoka pwani hadi mlangoni ni safari nyingine, isiyo na ngoma, na kila mtaa hupatiwa zamu na mtu fulani, kwa kipimo fulani. Kipimo hicho kinaweza kuwa mita ya umeme, kinaweza kuwa shule, kinaweza kuwa wingi wa nyumba au uzito wa mifuko. Mwenye kukichagua atasema, na pengine kwa moyo safi, kwamba ameanza kwa wale walioonesha kutaka.

Akisema hivyo aulizwe alipiga hodi mara ngapi, alisimama umbali gani na mlango, na aliita kwa sauti gani. Wakutubi wa Kansas City walikuwa na jawabu la maswali hayo. Wao waliuendea mlango uliokwisha kuhesabiwa kuwa hauna jibu, wakabisha tena, na mara nyingi ndani alikuwamo mtu.